Saa Moja Bila Punje

King'ora kililia saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano. Dokta Kokusima Rwegoshora alijikuta amesimama, kikombe kimepinduka na chai imemwagikia sketi yake, kabla hata hajajua kwamba ameinuka.

Mwenyeji wake hakuinuka. Bi Tulalumba Kihwele, mwanamke wa miaka sitini na moja, mwenye mikono mipana ya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote, aliendelea kumimina chai kwenye kikombe cha pili. Hakumwaga hata tone.

"Mama, hicho si king'ora cha bwawa?"

"Ndicho."

"Kinalia nini?"

"Hulia maji yakivunja ukuta huko juu." Bi Tulalumba akaweka birika chini. "Unaweka sukari vijiko vingapi, dokta?"

Kokusima alitazama nje. Mto Nyalwisa ulikuwa hatua arobaini kutoka kizingitini. Ukingoni kote zilisimama nyumba mpya, bati zake bado zinang'aa. Fundi mmoja aliyekuwa akipandisha ukuta aliinua kichwa kuelekea sauti ile, kama mtu anayesikia ndege ikipita, kisha akachukua tofali jingine. Wanawake watatu walikuwa wakifua. Mmoja wao alilisogeza beseni lake mbali kidogo na maji, akaendelea kusugua.

Hakusubiri kuona zaidi. Alimnyakua Semeni, mjukuu wa Bi Tulalumba mwenye miaka mitatu, aliyekuwa amelala mkekani, akamshika bibi mkono. "Tupande kilimani! Mama, tafadhali!"

"Tangulia, mwanangu. Ngoja nifunike vitumbua."

Alikimbia peke yake, mtoto analia begani, viatu vinamtoka miguuni. Katika bonde zima la Ilundamba alimwona mtu mmoja tu mwingine anayekimbia: mwanamume mwembamba aliyekuwa akisukuma toroli, ndani yake kakaa kikongwe aliyeshikilia kingo kwa mikono miwili. Yule mwanamume alikuwa akipaza sauti, anawaita watu kwa majina, nyumba hadi nyumba. Wengine walimpungia mkono. Hakuna aliyetoka.

Baada ya dakika nne king'ora kilinyamaza. Kipaza sauti kikaomba radhi: kipimo kimoja cha bwawa kimeharibika, hakuna hatari, wananchi waendelee na shughuli zao.

Walikuwa hawajaziacha.

Kokusima aliporudi alimkuta Bi Tulalumba mlangoni na sahani mkononi.

"Hukuogopa, mama? Hata kidogo?"

"Nimeshaogopa ya kutosha." Alimpokea mjukuu wake, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Miaka minne sikulala. Mtu akifungua bomba tu, najikojolea pale pale nilipo. Watoto wangu wawili walikwenda na maji, hilo unalo kwenye makaratasi yako." Alilisema hilo kama mtu anayetaja siku ya gulio. Kisha akagusa nyuma ya sikio la kulia, pale ngozi ilipoinuka kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. "Sasa nalala."

*

Kokusima hakuwa mwajiriwa wa mtu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mshauri wa kujitegemea katika afya ya akili na utafiti wa tiba ya mazungumzo. Taasisi fulani ikitangaza kwamba imepata tiba mpya ya nafsi, aliitwa yeye, mtu asiye na upande, akazisoma takwimu, akakaa na wagonjwa, akasema kama ni kweli au la. Jina lake lilisimama kwa sababu moja: hakuwahi kusaini kitu ambacho hakukiona kwa macho yake.

Safari hii aliyemwita ni Wizara. Ijumaa, kamati ingeamua kama Punje, kidude kile cha nyuma ya sikio, itoke Ilundamba na kusambazwa nchi nzima. Watu elfu nne walikuwa kwenye orodha ya kusubiri: manusura wa moto, wa ajali za mabasi, wa vita vya ng'ambo ya mpaka. Ilibaki saini yake.

Na takwimu zilikuwa nzuri, nzuri mno. Punje ilitumia jambo ambalo matabibu wa nafsi walilijua zamani: kumbukumbu ikikumbukwa hulainika kwa saa chache, kama udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa, halafu hukauka tena. Ukiizungumza mahali salama, hukauka ikiwa na miiba michache. Kazi hiyo ilichukua miezi, pengine miaka. Punje iliimaliza kwa vikao kumi na viwili. Mgonjwa alizungumza, kumbukumbu ikalainika, na kile kidude chini ya ngozi kikainyamazisha sehemu ya ubongo inayopiga kelele za hatari. Baada ya hapo kilibaki zamu, mchana na usiku, ili kelele zisirudi.

Watu elfu moja mia moja na arobaini waliwekewa. Elfu moja mia moja ishirini na wanane walikuwa wanalala, wanakula, wanafanya kazi. Kumi na wawili waliandikwa neno moja: wamejitoa.

Alasiri ile ya Jumatano aliweka jedwali hilo mbele ya Profesa Salvius Mgaya, ofisini kwake katika Taasisi iliyounda Punje, juu ya kilima. Profesa alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya upole. Miaka ishirini iliyopita, chuoni, ndiye aliyemfundisha Kokusima kusoma jedwali kuanzia chini, kwa wale waliotoka.

"Ulisikia king'ora leo, Profesa?"

"Nilisikia."

"Hakuna aliyekimbia."

"Na hakukuwa na maji."

"Wao hawakujua hilo."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Punje inaondoa hofu ya kumbukumbu moja. Ndivyo tulivyoiunda."

"Nami nauliza inafanya nini, siulizi mliiundaje. Mmepima usingizi, jinamizi, mapigo ya moyo. Mmewahi kupima kama mtu anakimbia inapobidi akimbie?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alirudisha miwani machoni. "Koku, nilifika bonde hili miezi mitatu baada ya mafuriko. Watu mia tisa walikuwa wamekufa kwa maji. Katika mwaka uliofuata, wengine kumi na tisa walikufa kwa mikono yao wenyewe. Saba nilikata kamba mimi, kwa kisu cha jikoni kwangu. Tangu Punje ianze, hajafa hata mmoja hivyo. Hata mmoja! Bwawa limejengwa upya, wahandisi wameapa. Unataka niwarudishie ile hofu kwa sababu ya kipimo kilichoharibika?"

Kokusima alichukua karatasi ya majina kumi na mawili. "Naomba anwani za hawa."

"Wamejitoa. Wana haki ya kuachwa."

"Nina haki ya kuwauliza kama wanataka kuachwa. Iko kwenye mkataba wangu."

Profesa alimpa anwani. Mkono wake ulichelewa kidogo kuiachia karatasi.

*

Wawili kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamekufa. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alishika waya wa umeme uliokatika, watu wakimwona, na waliosimama karibu walisema aliutazama kwanza. Wa pili aliumwa na nyoka shambani, akamaliza mstari wake wa kupalilia ndipo akaenda zahanati. Saba walikuwa wamehama bonde. Wawili hawakutaka kusema.

Wa mwisho alikuwa yule mtu wa toroli.

Kastori Ngole alikuwa fundi baiskeli. Alikaa na mama yake mzazi nusu ya mlima, katika nyumba ya tope mahali palipokuwa na upepo mkali kiasi kwamba ilibidi aweke mawe juu ya bati. Alhamisi asubuhi alimkaribisha Kokusima, akampa kigoda, yeye akakaa juu ya gurudumu.

"Nilijitoa," alisema. "Ndivyo walivyoandika?"

"Ndivyo. Sababu, wameandika, ni binafsi."

Alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akaanza kusafisha mnyororo wa baiskeli, macho yakiwa kwenye mnyororo.

"Ilikuwa Aprili mwaka jana. Nilikuwa mtoni na binti yangu Yusta. Ana miaka mitano. Naosha baiskeli ya mteja, yeye anacheza pembeni. Akateleza. Akaenda chini, akaibuka, akaniangalia." Aligeuza mnyororo. "Nikasema moyoni, Yusta anazama. Nilijua, dokta. Nilijua kama ninavyojua kwamba wewe umekaa kwenye kigoda changu. Lakini miguu haikuwa na haraka. Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nikakiweka chini kwanza. Nikakikunja."

"Ulikikunja?"

"Mara mbili."

Upepo ulipiga bati. Ndani ya nyumba, kikongwe alikohoa.

"Mke wangu alikuwa ng'ambo ya mto. Yeye hakuwa na Punje, mafuriko yalipotokea alikuwa kwao. Akaruka na nguo zake. Alimtoa. Mtoto alilazwa wiki mbili, akapona. Siku aliyotoka hospitali mama yake akamchukua wakaenda Makambako, na sijamwona tena. Simlaumu." Alifuta mnyororo pale pale alipokwisha kupafuta. "Nikaenda Taasisi. Nikamweleza mshauri kila kitu, kama ninavyokueleza. Nikamwambia, itoeni. Wakaitoa."

"Na hofu ikarudi."

"Siku ile ile. Naota maji kila siku. Kikombe kikijaa natetemeka." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Lakini ningekuwa na hofu hii siku ile, ningeruka. Hilo ndilo ninalojua."

*

Kokusima, kama mwangalizi huru, alikuwa na ufunguo wake. Kwa idhini ya mgonjwa aliweza kuizima Punje yoyote ili kuikagua, na ikizimwa kwa ufunguo huo haikuwashwa ila kwa huo huo. Sheria iliwekwa hivyo ili Taasisi isiingilie ukaguzi. Kokusima hakuwahi kuutumia.

Saa nane mchana alikuwa ameketi tena kwa Bi Tulalumba. Alimweleza yote, ya Kastori, ya mwalimu na waya, ya beseni lililosogezwa, kisha akamwomba aruhusu Punje yake izimwe. Mwanamke yule alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa panapostahili.

"Mnataka kunirudishia hofu yangu."

"Kwa saa moja. Nitakuwa hapa hapa. Unaweza kukataa, mama, na hakuna atakayekulaumu."

"Nikikataa utaandika nini?"

"Kwamba sijui. Na sitasaini."

"Na wale elfu nne watakaa macho." Bi Tulalumba alifikiri, kidole kikizunguka mdomo wa kikombe. "Haya. Saa moja. Lakini unisikilize vizuri. Nikilia 'washa' mara tatu, uwashe hapo hapo. Na saa ikiisha uwashe, hata kama nitakataa. Mimi huyu ninayeongea na wewe sasa ndiye mwenye akili. Yule atakayekuja namfahamu. Usimsikilize."

"Una hakika?"

"Andika. Nitasaini."

Kokusima aliandika kwenye kishikwambi. Wakasaini wote wawili. Semeni alikuwa nje na majirani waliokuwa wakifua, na Kastori alikaa kwenye jiwe mbele ya mlango, kama walivyokubaliana. Saa nane na nusu kamili Kokusima aligusa kioo cha kishikwambi, akaizima Punje.

Dakika tano za kwanza hazikuwa na kitu. Bi Tulalumba aliuliza kama Kokusima ana watoto. Alisema hana. Kisha yule mama akainamisha kichwa upande mmoja.

"Haya maji hupiga kelele hivi siku zote?"

"Ndiyo, mama."

"Hivi? Hivi hivi?"

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, juu ya mdomo, kwenye shingo. Akaweka viganja masikioni. Akateremka kwenye kiti taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, akaingia chini ya meza, na huko ikamtoka sauti ambayo Kokusima, katika miaka yote ya kazi yake, hakuwahi kuisikia: nyembamba, isiyopumua, kama ya mtoto aliyebanwa kidole mlangoni. Kokusima alipiga magoti, akaingia nusu chini ya meza.

"Niko hapa. Ni Alhamisi. Uko nyumbani kwako. Niko hapa, mama."

"Washa!"

"Nimekusikia. Hiyo ni moja." Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kioo.

"Washa, mwanangu, nakuomba, washa…"

"Mbili. Nasubiri neno lako."

Bi Tulalumba alifungua mdomo. Nje, mtoto alicheka.

Ni Semeni, na kicheko kile kilitoka upande wa mto. Mdomo wa bibi ulibaki wazi na neno halikutoka. "Mtoto yuko wapi?" alinong'ona. Halafu kwa sauti iliyotikisa sahani: "Semeni yuko wapi?"

Hakungoja jibu. Alitoka chini ya meza akaipindua, akampita Kokusima, akampita Kastori mlangoni, akakimbia peku juu ya changarawe. Semeni alikuwa amechuchumaa hatua mbili kutoka majini, akirusha vijiti. Majirani walikuwa wakifua kando yake, wakimwona, wakitabasamu. Bibi alimkwapua mtoto kwa mkono mmoja, akarudi nyuma bila kuugeuzia mto mgongo, hadi mgongo wake ukagonga ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Akageuka, akaitazama ile nyumba kana kwamba imeota pale wakati huo.

"Nani kajenga hapa?"

"Wewe, mama," alisema Kokusima akihema. "Mwaka juzi."

"Mimi?" Alipima kwa macho kutoka kizingiti hadi majini. "Mimi nimemlaza mtoto wa mwanangu hapa?"

Baada ya hapo hakukaa tena. Alikuwa akilia na kutetemeka, kamasi zikimtoka, na wakati huo huo akitoa vitu nje: godoro, sufuria, nguo za mtoto, gunia la mahindi. Mtoto alimfunga mgongoni, hakutaka mtu mwingine amshike. Kastori hakuuliza kitu. Alikwenda akarudi na toroli.

"Unahama, mama?" jirani mmoja aliuliza kutoka kwenye beseni lake.

"Maji, Edina! Maji yatatuua! Toka hapo!"

"Kweli, yanaweza," jirani alikubali kwa adabu, akakamua shuka.

*

Profesa Mgaya alifika zikiwa zimesalia dakika tatu. Kwenye skrini za Taasisi alikuwa ameona Punje moja imezimwa na moyo unapiga mara mia na hamsini kwa dakika. Aliliacha gari njiani, akapanda kwa miguu hadi kwenye darasa tupu la shule ya zamani, ambako Kastori alikuwa akishusha godoro.

"Washa, Koku."

"Saa haijaisha."

"Mtazame!"

Bi Tulalumba alikuwa ameketi sakafuni kwenye kona, Semeni katikati ya mapaja yake, meno yakigongana. Alipomwona Profesa alitambaa nyuma.

"Usiwashe," alimwambia Kokusima. "Ukiwasha nitashuka. Najijua. Nitambeba mtoto, nitashuka naye, nitachemsha chai."

Profesa alimgeukia kwa upole wa kweli. "Tulalumba, dada yangu, unateseka. Dakika moja tu, itaisha." Kisha kwa Kokusima: "Ana mkataba na wewe. Nimeusoma kwenye mfumo. Saa ikiisha, washa, hata akikataa. Aliyesaini alikuwa na akili timamu."

"Na huyu?"

"Huyu ana hofu."

"Hofu si wazimu, Profesa."

"Usiku huu akijitundika, utaniambia nini?"

"Sitaondoka. Nitakaa naye."

"Siku ngapi? Wiki? Na wengine elfu moja na mia moja, Koku? Wakizimiwa kesho, utakaa na yupi, umwache yupi? Mimi nimeshachagua hivyo. Nimewachagua, mmoja mmoja, na niliowaacha nimewazika." Sauti yake ilikatika. "Usidhani sikujua. Kastori alipokuja, mshauri aliniletea maneno yake. Nilikaa nayo siku mbili. Nikahesabu kumi na tisa upande huu, mtoto mmoja aliyepona upande ule, nikaandika neno 'binafsi'."

Kastori alikuwa amesimama mlangoni na gunia begani. Alilishusha taratibu. Profesa hakumtazama.

Kishikwambi kililia. Saa ilikuwa imeisha.

Kokusima alikitazama kioo. Juu yake lilikuwa neno moja, WASHA, kijani. Aliahidi. Alimwahidi mwanamke mtulivu aliyempa vitumbua, aliyefikiri kwa makini, aliyesema yule atakayekuja usimsikilize. Na yule aliyekuja alikuwa hapa, amejikojolea, anatetemeka, na ndiye pekee kati ya wawili hao aliyemwona mtoto yuko hatua mbili kutoka majini. Alitafuta kwenye yote aliyosoma na kuandika sheria ya kumwambia yupi kati yao ndiye mgonjwa wake. Hakuipata.

Alikifunika kishikwambi, akakiweka chini kifudifudi.

"Mama, nimevunja neno langu kwako," alisema. "Nataka ulijue hilo. Siwashi leo. Kesho nitakuuliza, na keshokutwa. Siku utakayoniambia washa, mtoto akiwa huku juu na nyumba hii ikiwa na mlango, nitawasha."

Bi Tulalumba aliinamisha kichwa juu ya nywele za mjukuu wake. Hakusema asante. Alikuwa anaogopa mno.

"Kesho nitaiambia kamati umemtesa mgonjwa," alisema Profesa. "Nitalazimika. Hutapata kazi nyingine, Koku."

"Waambie. Na mimi nitawaambia ulichoniambia sasa hivi."

Profesa alimtazama Bi Tulalumba, kisha mtoto. "Waambie," alisema hatimaye. Akatoka. Mlangoni alisimama mbele ya Kastori kana kwamba anataka kusema neno. Kastori alimpisha njia.

*

Taarifa yake aliiandika akiwa ameegemea ubao wa darasa, na haikufika nusu ukurasa. Asiwekewe Punje mtu mwingine. Waliokwisha kuwekewa wahamishwe kwanza kutoka ukingoni, maana wenyewe hawatahama. Kisha kila mmoja aulizwe anataka nini, Punje ikiwa imezimwa, na mtu wa kukaa naye akiwa kando yake kwa muda wowote utakaohitajika. Alijua watakachosema: watu hao wa kukaa watatoka wapi? Hakuwa nao. Aliandika hilo pia, akatuma, akazima.

Jua lilikuwa bado halijazama. Kastori alikuwa nje akipigilia mbao mlangoni. Semeni alikuwa amelala. Bi Tulalumba alikuwa bado kwenye kona, macho wazi, akipumua kwa kukatakata, na kila Kastori alipopiga nyundo mwili wake ulishtuka wote.

Kokusima alikaa sakafuni mbele yake, si karibu sana. Hakuwa amefanya kazi hii ya kutibu kwa mazungumzo kwa mikono yake kwa miaka kumi na moja. Alikuwa akiwasoma waliokuwa wakiifanya. Aligundua kwamba na yeye anaogopa.

"Mama," alisema, "kwenye makaratasi yangu wameandikwa watoto wawili. Hawakuandikwa majina."

Bi Tulalumba alimtazama. Kitu kilipita usoni mwake, na Kokusima alidhani atapiga kelele tena. Hakupiga.

"Miaka miwili sijawataja," alisema. "Nilikuwa nawakumbuka, lakini kama watu wa jirani. Nikiwataja sasa nitalia, dokta. Sijui kama nitanyamaza."

"Sina pa kwenda."

Nyundo ilinyamaza nje. Yule mama alivuta pumzi ndefu, ikakwama katikati, akaivuta tena.

"Nianze na yupi?"

"Yeyote."

Akaanza na mdogo.